Mwaka wa Kiunganishi

Mama Kulwa tulimzika Mhunze mwezi uliopita, nyuma ya nyumba aliyoijenga kidogo kidogo katika miaka ambayo mimi nilidhani hana anachojenga. Baada ya maziko nilikwenda kuosha vyombo pamoja na wanawake wengine, kwa sababu msibani ukikaa bila kazi unaanza kuwaza, na mimi sikutaka kuwaza. Tulikaa kuzunguka mabeseni mawili, masufuria ya ugali yameganda ukoko, na binti mmoja aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, beji ya shirika fulani bado iko shingoni, alikuwa anamweleza mwenzake kazi yake. "Siku hizi humpigii mtu simu," alisema. "Ukishajaza fomu, mfumo wenyewe unatafuta orodha, wenyewe unatuma meseji, wenyewe unaandika ripoti. Wewe unaangalia tu." Mwenzake akamuuliza, "Na usipotuma?" Binti akacheka kidogo. "Unatuma, dada." Niliendelea kusugua ukoko. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa na hasira ambayo yeye hakuistahili. Hasira ile ilikuwa yangu, ina umri wa miaka tisa, na mtu ambaye ningeweza kuizungumza naye alikuwa ndiyo kwanza amefunikwa udongo.

Ya kwetu, na namna nilivyofika Shinyanga, nayaacha. Hayana uzito hapa. Nianze na vyumba viwili vya mtaa wa Kambarage, nyuma ya duka la fundi cherehani, ambavyo ndivyo vilikuwa ofisi yetu yote. Cha mbele kilikuwa cha Bwana Masanja, mkurugenzi, mtu aliyefanya kazi kwenye maabara za hospitali miaka mingi, akachoka kuona wagonjwa wanasubiri damu, akaanzisha shirika. Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza. Benki ya damu ikipungukiwa, hospitali huwategemea ndugu wa mgonjwa. Lakini huku kwenye machimbo watu wengi wametoka mbali, hawana ndugu wa kuitwa, na damu nyingine ni adimu hata ndugu wakijaa wodini. Sisi tulikuwa na orodha ya watu waliokwisha kupimwa na kukubali kuitwa wakati wowote: wakulima wa Kishapu, wauza dagaa wa Nkome, familia za parokia za Ushirombo, walimu, mafundi. Hospitali ikiomba, sisi tunaita. Na aliyekuwa akiita ni Mama Kulwa.

Alikuwa na meza kwenye chumba cha nyuma, chini ya dirisha lisilofunguka, na juu ya meza kulikuwa na kaunta buku tatu zilizochakaa na simu ndogo ya vitufe. Nilipoajiriwa nilipewa meza iliyotazamana na yake, na kwa wiki mbili za kwanza kazi yangu kubwa ilikuwa kumsikiliza. Hospitali ikipiga, aliandika kundi la damu kwenye kiganja, akafungua kaunta buku, akaanza. "Mwangaluka, baba. Mmeamkaje huko? Ng'ombe yule alipona?" Salamu zilichukua dakika mbili nzima kabla hajataja damu. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu ya kompyuta, na nakiri kwamba nilikuwa nazihesabu dakika zile. Alijua nani anatumia simu ya mkewe, nani Jumamosi humpati kwa sababu yuko mnadani, nani ukimwita kwa jina la kwenye orodha hakuna atakayemjua kijijini mpaka useme Baba Hollo. Mengi ya hayo hayakuwa kwenye kaunta buku. Mchana alifungua kontena lake la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, akalisukuma katikati ya meza zetu mbili, akasema, "Kula, mayu, hiyo kompyuta haitakushibisha," nami nikala huku nafikiria namna ya kuiondoa kazi yake mikononi mwake. Sikufikiria hivyo kwa ubaya. Niliona mtu mmoja, simu moja, hospitali sita, na nikaona hatari.

Kiunganishi ndilo jina tulilokipa wenyewe. Kilikuwa chombo cha mtandaoni ambacho hakina kazi yake, ila kuziunganisha programu nyingine zifanye kazi kwa kufuatana: fomu hii ikijazwa, fungua jedwali lile, chagua watu wa aina hii, watumie meseji, kisha mjibu aliyejaza. Huandiki programu. Unavuta visanduku kwenye skrini na kuvichorea mishale, kama mtoto anayechora njia ya kwenda kisimani. Nilikijenga kwa siku tatu. Siku ya nne Bwana Masanja alivuta kiti akakaa nyuma yangu, akajaza fomu kwa simu yake kana kwamba yeye ni hospitali, na baada ya muda simu zetu zote tatu zikalia kwa pamoja. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Tekla," akasema, "unajua umefanya nini?" Mama Kulwa aliisoma meseji ile kwa kuiweka simu mbali na macho. Akaniuliza, "Inawasalimia?"

"Nani, mama?"

"Watu. Kabla ya kuwaambia."

Nikaongeza neno "Habari" mwanzoni mwa meseji. Nilidhani nimemjibu.

Kuanzia mwezi uliofuata hospitali zote ziliambiwa zisipige tena, zijaze fomu. Nilikwenda mwenyewe kuwafundisha wauguzi, hospitali moja baada ya nyingine. Vocha za simu za Mama Kulwa zilisitishwa, na yeye akapewa kazi ya kunisomea kaunta buku ili niingize majina kwenye jedwali. Tulikaa hivyo wiki nzima, yeye anasoma na mimi nachapa. Kila jina alilisoma na maelezo yake. "Huyu andika, lakini usimwite wakati wa kupalilia pamba, hatakuja, atakudanganya yuko njiani." Nilimwambia hakuna safu ya hayo. "Basi weka safu," alisema. Nikamweleza kwamba kiunganishi kinaweza kuchagua kwa kundi la damu na kwa wilaya, lakini hakiwezi kusoma sentensi. Akasoma jina linalofuata bila maelezo, na lililofuata, na lililofuata. Nikafurahi kwamba sasa tunakwenda haraka.

Sitaki kudanganya: mwanzo kilifanya kazi, tena vizuri. Mzee mmoja aliyegongwa na pikipiki karibu na Kahama alipata chupa tatu kabla ya saa sita mchana, na hakuna kati yetu aliyenyanyua simu. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea kama mtu aliyeongezewa cheo. Halafu zikaanza zile kero ambazo, kila moja peke yake, ni ndogo kiasi kwamba unaona aibu kuzilalamikia. Jedwali lilidondosha sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu, na meseji za watu arobaini zikaenda pasipojulikana, nikarekebisha. Nikagundua kwamba kiunganishi hakiitazami fomu muda wote kama nilivyodhani, kinaichungulia kila baada ya robo saa, na kwa mtu anayevuja damu robo saa si jambo la kuchungulia; nikaomba kifurushi kingine, nikaambiwa nisubiri bajeti. Kulikuwa na kikomo cha hatua kwa mwezi. Kila meseji ni hatua, kila kuandika kwenye jedwali ni hatua, na mwezi wa tatu hatua zikaisha ukiwa umebaki na wiki nzima. Hakikupiga kelele. Kilituma barua pepe moja, kwa Kiingereza, ikaangukia kwenye folda ya takataka, kikakaa kimya siku mbili mpaka nilipokistukia mwenyewe. Kisha Bwana Masanja akabadilisha neno la siri la barua pepe yake, na kwa kuwa jedwali lilikuwa chini ya jina lake, kiungo kikakatika. Kila nilipowaandikia wenye chombo, nilijibiwa papo hapo kwamba ombi langu limepokelewa na ni la muhimu kwao. Nilikuja kufahamu kwamba hata jibu lile halikuandikwa na mtu.

Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba kiunganishi kilijua kusema na hakikujua kusikia. Watu walijibu zile meseji. Wasukuma hatuwezi kuitwa tukanyamaza. Majibu yalikwenda kwenye namba ya kutuma tu, ambayo hakuna simu iliyokuwa ikiisoma, na siku nilipopata njia ya kuyafungua nilikuta yamerundikana mamia. "Naja." "Naja na mdogo wangu." "Nilichangia wiki jana, mmesahau?" "Niko shamba naomba mnipigie." Moja ilirudiwa mara nne, siku nne tofauti: "Huyu ni marehemu. Tafadhali msitume tena." Nilimwita Mama Kulwa aje aone. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo, na alipofika kwenye ile ya marehemu akataja jina la mtu yule kabla sijamwonyesha, kwa sababu namba aliijua kichwani. Alikuwa amehudhuria maziko yake. Hakuna aliyemuuliza.

Siku nyingine nesi wa hospitali moja alibonyeza fomu mara mbili kwa sababu mtandao ulikuwa mzito, na watu wa Nkome wakaitwa mara mbili. Alihitajika mmoja, wakafika watatu, wawili wakarudishwa getini. Mmoja wao, Baba Neema, muuza dagaa, aliitafuta namba ya ofisi na kunipigia. Alinisalimia kwa utaratibu wote, akaniuliza habari za Shinyanga, ndipo akasema, "Binti, dagaa wangu walikuwa wameanikwa. Nimewaacha nikaja. Mvua imenyesha. Sina ubaya na damu, nitakuja tena. Ila anayeniita awe anajua kama nahitajika." Nikamwambia ni mfumo. Akauliza, "Mfumo ni nani?" Nilifungua kompyuta nikaongeza kisanduku kingine cha kuzuia kurudia, na kingine cha kukizuia hicho kisizuie maombi ya kweli, na kufikia mwezi wa sita michoro yangu ilikuwa imetatizana kiasi kwamba mimi niliyeichora nilikuwa naogopa kuigusa. Mama Kulwa alipita nyuma yangu na chai akatazama skrini. "Hicho ndicho kilikuwa cha kurahisisha?" aliuliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kweli.

Ukuta kati ya vyumba vyetu ulikuwa wa mbao nyembamba, na maneno ya Bwana Masanja yalipita kana kwamba yuko nasi mezani. Nakumbuka mchana mmoja yuko kwenye simu na wafadhili, sisi tunakula. "Hapana," alikuwa anasema, "hapana, hakuna mtu katikati. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kutoka hospitali mpaka kwa mchangiaji, moja kwa moja, hakuna mtu katikati." Mama Kulwa aliacha kutafuna. Alitazama meza yake, ambayo kaunta buku zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa kabatini ili mahali pawe safi, na baada ya muda akaendelea kula. Nilitamani kusema kitu. Nilichosema ni kwamba karanga za leo zimekaangwa vizuri.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazungukia. Mwezi wa nane nesi Shija, wa hospitali moja upande wa Geita, aliniomba jambo. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, na ndiye kati ya wauguzi wote aliyejifunza fomu yangu kwa moyo. Alisema kwamba kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, alama za jumlisha na kutoa mbele ya makundi ya damu hazionekani vizuri; anaogopa kuna siku atachagua siyo. Lilikuwa ombi la mtu makini. Nikafungua fomu palepale, na mahali palipoandikwa herufi na alama nikaandika kwa maneno: A chanya, A hasi, mpaka mwisho, O chanya, O hasi. Ilinichukua dakika tano. Nikampigia, akafungua, akasema sasa hata bibi yake angesoma, akanishukuru, wabeja sana. Nilijisikia vizuri siku ile. Ndiyo ilikuwa aina ya kazi niliyosomea: mtu ana tatizo, unalisikia, unalitatua.

Kiunganishi hakikuambiwa. Ndani ya kisanduku kimojawapo, katikati ya mishale yote ile, kilikuwa bado kinatafuta herufi na alama. Fomu ikija na neno "O hasi", kilitafuta kwenye jedwali watu walioandikwa "O hasi", kikakuta hakuna hata mmoja, na kwa kuwa hakikukuta mtu hakikuwa na wa kumtumia. Kwake hilo halikuwa kosa. Kiliambiwa kiwatumie wote wanaolingana. Wanaolingana ni sifuri. Kimetuma kwa wote sifuri. Kazi imekamilika. Kikaweka alama ya kijani, kikaenda hatua ya mwisho, ambayo ilikuwa kumjibu muuguzi kwa sentensi niliyoitunga mimi mwenyewe siku ile ya tatu na kuipenda: "Ombi lako limepokelewa. Wachangiaji wanajulishwa na wako njiani kukusaidia."

Kwa bahati, ikiwa ni bahati, siku tano hakuna aliyeomba. Siku ya sita, Jumanne, binti aitwaye Sabina aliletwa kwa nesi Shija kutoka kwenye makazi ya wachimbaji. Alikuwa amejifungua alfajiri kule kule, mtoto wa kike mzima kabisa, na damu haikukata. Alikuwa amekuja machimboni akitokea Ngara, akipika chakula na kuwauzia wachimbaji. Mwenzi wake alikuwa chini kwenye duara, shimo lao la kuchimbia, na mpaka apewe habari na kupandishwa juu, asubuhi ingekuwa imekwisha. Damu yake ilikuwa O hasi. Katika orodha yetu yote, kuanzia Kishapu mpaka ziwani, watu wa damu hiyo walikuwa kumi na mmoja. Nesi Shija alijaza fomu saa tatu na dakika chache. Akasoma sentensi yangu. Akamwambia mgonjwa na daktari kwamba watu wameitwa.

Sisi tulikuwa mezani, inakaribia saa sita, simu ya Mama Kulwa ilipolia. Si ya ofisi, ile yake ndogo. Aliisikiliza, akaniangalia, akasema, "Shija anauliza waliopo njiani wamefika wapi." Nikageukia kompyuta. Nilikuta ombi liko pale, saa tatu na dakika kumi na nne, na mbele yake hatua zote zina kijani.

"Imeenda," nikasema.

"Imeenda wapi?"

"Imetumwa, mama. Ona hapa."

"Kwa nani?"

Nikafungua hatua ile. Ilikuwa na neno moja na tarakimu moja, nikavisoma mara mbili. "Kwa watu sifuri," nikasema. Mama Kulwa hakuniuliza maana yake. Alikwishaanza kubonyeza namba bila kaunta buku, bila jedwali, kwa kichwa. Aliongea Kisukuma, haraka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakumsalimia mtu. Alimpata mwalimu mmoja wa Geita mjini akiwa darasani; mwalimu akaacha chaki. Alimpata Baba Neema kule Nkome, akamwambia, "Ni mimi, siyo ile mashine. Unahitajika." Akampata katekista mmoja wa Ushirombo, lakini alikuwa mbali mno. Watatu waliobaki karibu hawakupokea. Vocha ilipoisha alininyooshea mkono bila kunitazama nami nikampa simu yangu.

Mwalimu alifika saa saba. Baba Neema alifika karibu saa nane, nyuma ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Damu zao zilipimwa zikaingia. Lakini madaktari hawakuweza kusubiri mpaka hapo. Kwa chupa moja waliyoikopa mahali na kwa kubahatisha, walimpeleka chumba cha upasuaji na kutoa kizazi ili kuikata damu. Sabina aliishi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na yule binti aliyezaliwa alfajiri ndiye angekuwa wa mwisho. Nesi Shija alinieleza haya kwa simu jioni, kwa sauti tulivu ya mtu aliyechoka, kisha akasema, "Dada Tekla, mimi niliwaambia wako njiani. Niliwaambia mara tatu." Nilimwambia samahani. Akajibu, "Ndiyo," akakata.

Kesho yake nilimweleza Bwana Masanja kila kitu, nikiwa nimesimama. Alisikiliza, uso wake umejikunja kama wa mtu anayeumwa jino, na alipofungua mdomo alisema jambo lililonishangaza kwa jinsi lilivyokuwa dogo: "Basi badilisha hilo neno." Nilikuwa nimeshalibadilisha. Nikamwambia tatizo si neno. Liko neno jingine mahali ambalo sijalijua, na jingine, na chombo kile hakitatuambia kamwe kwa sababu kwake kukosea na kutokuwa na kazi ni kitu kimoja. Nikataka kila ombi lisomwe na mtu, na mtu huyo ampigie muuguzi kabla dakika kumi hazijapita. "Turudi nyuma?" aliuliza. "Niwaambie nini watu niliowaambia hakuna mtu katikati?" Nikapandisha sauti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumfanyia mtu wa umri wake. Nilisema awaambie ukweli. Alisema mimi ndiye niliyebadilisha fomu. Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli niliondoka chumbani nikaubamiza mlango wa mbao mpaka fundi cherehani akaja kuchungulia.

Nilidhani Mama Kulwa atasimama upande wangu na kusema alijua. Nilihitaji mtu aniambie hivyo. Badala yake alinimiminia chai na kunisimulia juu ya wiki moja, mwaka mmoja kabla sijaja, alipokwenda kwenye msiba wa shangazi yake kijiji kisichoshika mtandao. Hospitali ilipiga siku mbili. Bwana Masanja akafungua kaunta buku zake akakuta "yule wa kule juu", "shemeji yake Doto", "usimpigie mpaka Ijumaa". Hakupata mtu hata mmoja. Mchimbaji aliyekuwa amefukiwa na kifusi alikufa. "Hakuna aliyenilaumu," alisema, "maana nilikuwa kwenye msiba. Lakini mimi nilijua. Niliyaweka yote kichwani kwa sababu nilipenda kuwa mimi ndiye ninayejua." Kisha akaongeza, "Ulipokuja na hicho kitu chako, mayu, nilichukia, halafu nilikwenda nyumbani nikalala usingizi mzuri. Nilisema sasa nikifa watu hawatakosa damu. Usikitupe. Kiondolee mdomo tu. Kituamshe sisi, tutaongea wenyewe."

Ndivyo ilivyokuja kuwa, baada ya mvutano wa wiki na Bwana Masanja, ambaye alikubali bila kukiri kwamba amekubali. Kiunganishi kilibaki na kazi moja: ombi likiingia, kilize simu zetu tatu, kila baada ya dakika tatu, mpaka mmoja wetu aandike jina lake. Ile sentensi yangu niliifuta. Na Mama Kulwa akakaa nami upya, jina kwa jina, nikaweka ile safu aliyoiomba. Kiunganishi hakikuweza kuisoma. Sisi tuliweza. Bado yapo mambo ya mwaka ule ninayoyakasirikia mpaka leo, na si ya mashine peke yake: muda niliotumia kurekebisha visanduku ambao ungetosha kuwapigia simu watu wote wa orodha ile, mmoja mmoja, na kuwauliza wako salama.

Nilikaa siku tisa tangu Jumanne ile kabla ya kwenda Geita kumwona Sabina. Bwana Masanja alinishauri nisiende. Alisema mgonjwa hajui chochote, ameshaambiwa wachangiaji walichelewa, kwa nini nimwongezee mzigo. Nilikwenda Alhamisi asubuhi. Sabina alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, mtoto amelala ubavuni. Nilimsalimia, nikampa uji niliokuja nao kwenye chupa ya chai, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani kilichokuwa wazi. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamweleza fomu, orodha, neno lililobadilishwa, kwa lugha rahisi kadiri nilivyoweza. Sikutaja zile alama za kijani. Alisikiliza akinitazama mdomoni, kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua kidogo.

Nilipomaliza alimtazama mtoto wake. Mtoto alijinyoosha, Sabina akamvuta karibu.

"Nesi aliniambia watu wanakuja," alisema. "Mimi huku sina mtu, kwa hiyo nililishika hilo neno. Nilikuwa nautazama ule mlango. Kila aliyeingia nilisema ni huyu."

"Ndiyo," nikasema.

"Kwa hiyo muda wote ule hapakuwa na mtu anayekuja."

Nilitaka kumwambia habari za mwalimu aliyeacha chaki, na Baba Neema na vumbi lake, kwamba walikuja, kwamba damu yao ndiyo iliyo ndani yake sasa. Lakini hilo halikuwa swali lake. Alikuwa anauliza juu ya saa tatu mpaka saa sita, na saa zile nilizijua kuliko mtu yeyote.

"Hapakuwa na mtu," nikamjibu.

Aliinamisha kichwa taratibu, mara moja, kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo aliyokuwa anayashuku. Kisha akanipa mtoto nimshike, akaichukua chupa ya uji kwa mikono miwili, akageukia dirishani akaanza kunywa.